Huzuni Inayotangulia Maziwa

Mtoto wangu wa pili alizaliwa mwanzoni mwa Juni, wakati baridi ya Dodoma imeanza kuuma na upepo unapiga mabati usiku kucha. Uzazi wenyewe haukuwa na shida. Mtoto alilia palepale, alishika titi ndani ya saa ya kwanza kama wakunga wanavyoshauri, na mimi, niliyekuwa nimekwisha kumnyonyesha kaka yake kwa miaka miwili kasoro miezi michache, nilijihesabu kuwa fundi wa kazi hiyo. Siku ya nne, maziwa yalipojaa, ndipo lilipoanza jambo ambalo kwa muda mrefu sikumweleza mtu, si kwa sababu lilikuwa siri, bali kwa sababu sikuwa na maneno ya kulielezea bila kujiaibisha.

Nilimsogeza mtoto kifuani, akaanza kuvuta, na kabla sijausikia ule mchomo wa maziwa kushuka, kitu kilinidondoka ndani ya tumbo. Hakikuwa maumivu, maana chuchu zilikuwa salama na mtoto alishika vizuri. Ilikuwa simanzi kamili, iliyoiva, isiyo na sababu, mfano wa ile anayoipata mtoto wa bweni jioni ya siku ya kwanza, wazazi wakiwa wameshaondoka na kengele ya chakula inagongwa. Mikono ilinilegea, mate yakakauka, na moyoni likasimama wazo moja tu, kwamba kila kitu kimeharibika na hakuna wa kukirekebisha. Kisha maziwa yakashuka, titi la upande wa pili likalowesha kanga, na hali ile ikaondoka kama ilivyokuja, ikaniacha nimemkumbatia mtoto mwenye afya, ndani ya chumba kilekile, nikijiuliza nilikuwa nalilia nini.

Nilidhani ni uchovu. Ikarudi baada ya saa mbili, ikarudi tena usiku, na tena alfajiri. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na katika mnyonyo mmoja maziwa yanaweza kushuka zaidi ya mara moja, ingawa mama wengi huihisi ile ya kwanza tu. Mimi nilizihisi zote. Fanya hesabu mwenyewe uone ni mara ngapi kwa siku mtu anaweza kuzama na kuibuka huku akitakiwa kupokea wageni, kunywa uji na kusema anaendelea vizuri.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mvumi kunikanda. Ni mwanamke wa maneno machache, anayeamka kabla ya jogoo kuchemsha maji, na ambaye uji wake wa uwele haujawahi kuwa na donge hata moja. Alinitunza kama binti yake. Hata hivyo sikumweleza, na sababu yake kila mwanamke aliyekulia Tanzania anaijua bila kuambiwa. Tunalo neno kubemenda. Mtoto akikonda, akichelewa kutembea au akiharisha mfululizo, wapo watakaosema wazazi wake wamembemenda, yaani wamerudiana kitandani kabla ya wakati na kumharibia mtoto maziwa. Katika fikra hiyo, maziwa hayawi maziwa tu. Huwa ushahidi wa mwenendo wa mama. Sasa mwambie mzee kwamba kila unapompa mtoto titi unajisikia vibaya, halafu usubiri maswali yatakayofuata. Nilihofia kwamba jibu langu lolote lingegeuzwa kuwa habari ya ndoa yangu, nikaona heri ninyamaze.

Mume wangu aliona. Usiku mmoja, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda na mtoto mapajani, aliniuliza, "Mama, mbona kila akitaka kunyonya unavuta pumzi kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi?" Nilimjibu kwamba titi linauma. Ulikuwa uongo, na ulikuwa uongo mwepesi, kwa sababu maumivu ya titi yanaruhusiwa. Chuchu iliyochanika, titi lililojaa hadi likawa gumu kama jiwe, hayo yote yana heshima yake, yana dawa zake za nyumbani na watu wa kukupa pole. Huzuni haina.

Kilichonisaidia kwanza kilikuwa saa ya ukutani. Sebuleni kwetu tuna saa kubwa ya plastiki, ya zile zinazotolewa zawadi kwenye harusi, ambayo mshale wake wa sekunde unatoa mlio. Mchana nilikuwa nikikaa chini yake kunyonyesha, na siku moja, kwa kukosa jambo lingine la kufanya, nilianza kuitazama. Mtoto alishika titi. Sekunde ishirini na kitu zikapita bila chochote, kisha simanzi ikashuka, nikakaza macho kwenye ule mshale mwekundu. Ulipozunguka mara moja na kuvuka saa sita kidogo, nikausikia mchomo, maziwa yakatoka, na moyo ukapanda tena mahali pake. Kipindi kilichofuata nikatazama tena. Muda ulikuwa karibu uleule. Siku tatu nilikaa chini ya saa ile kama mwamuzi wa mpira, na mwisho wa siku ya tatu nikawa na uhakika wa jambo ambalo lilinishangaza, kwamba huzuni yangu ilikuwa na ratiba. Na mimi sijawahi kuona huzuni ya kweli, ile ya msiba au ya kuvunjwa moyo, inayofuata mshale wa saa.

Nilipokwenda kliniki katikati ya Agosti kwa chanjo ya wiki ya 10, nilijikaza nikamweleza nesi aliyekuwa akipima uzito. Nyuma yake ukutani kulikuwa na bango la Wiki ya Unyonyeshaji, inayoadhimishwa duniani kila mwaka tarehe 1 hadi 7 Agosti, na mama wa kwenye bango alikuwa akimtazama mwanawe kwa tabasamu ambalo sikuwa nimeliona usoni kwangu kwa miezi miwili. Nesi alisikiliza nusu, akaandika kilo kwenye kadi, akasema, "Mama wa siku hizi mnadeka sana. Mtoto anaongezeka uzito vizuri, unalia nini?" Foleni nyuma yangu ilicheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka kwenye foleni. Nikachukua kadi yangu nikaondoka. Sitataja ni kituo gani, kwa sababu naamini sentensi hiyo ingeweza kusemwa katika kituo chochote nchini, na tena ndani yake kulikuwa na ukweli uliokaa vibaya: mtoto alikuwa anaongezeka uzito vizuri. Kadi ya kliniki ina mstari wa uzito wa mtoto. Haina mstari wa mama.

Wiki nne baadaye, kwa chanjo ya wiki ya 14, nilimkuta muuguzi mwingine, mtu mzima, ambaye aliniomba nimnyonyeshe mtoto mbele yake ili aone anavyoshika. Alipoona nimefumba macho, hakuniuliza nina nini. Aliniuliza, "Inakuja kabla maziwa hayajashuka, au baada?" Nilimtazama nikashindwa kujibu kwa muda, kwa maana mtu anayeuliza swali la namna hiyo ameshajua jibu. Nikamwambia, kabla. Akauliza kama inakwisha yenyewe. Nikamwambia inakwisha, na nikamsimulia habari ya saa ya ukutani. Alicheka, akavuta kiti.

Aliyonieleza siku ile, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe baadaye, ni haya. Mtoto anapovuta titi, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo humwaga homoni ya oksitosini, ambayo hukaza misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa na kuyasukuma nje. Huko ndiko kushuka kwa maziwa. Lakini maziwa yatakayotumika baadaye lazima yatengenezwe, na kazi hiyo ni ya homoni nyingine, prolaktini, ambayo muda wote huzuiwa isipande na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, kama ng'ombe aliyefungwa kamba mguuni. Ili prolaktini ipande, dopamini lazima ishuke. Dopamini hiyohiyo ina sehemu yake katika kutufanya tujisikie tuna hamu na mambo, tuna mwelekeo, tuna sababu ya kunyanyuka. Kwa mama wengi kushuka huko hupita bila kuonekana. Kwa wachache, kwa mujibu wa maelezo yanayopewa uzito zaidi hadi sasa, hushuka ghafla mno, na mama hutumbukia nayo kwa sekunde kadhaa au dakika chache, kisha mambo hurudi sawa. Hayo ya dopamini bado ni nadharia, lakini mpangilio wenyewe, yaani simanzi, kisha maziwa, kisha nafuu, unafahamika vizuri kiasi kwamba umepewa jina la Kiingereza, dysphoric milk ejection reflex, yaani mshuko wa maziwa unaoambatana na simanzi, na watafiti hulifupisha kwa herufi D-MER.

Jina hilo si la zamani. Mshauri wa unyonyeshaji wa Marekani, Alia Macrina Heise, ndiye aliyeanza kulifuatilia mwaka 2007 baada ya kupatwa na hali hiyo kwa mtoto wake wa tatu, na mwaka 2011 yeye na Diane Wiessinger wakachapisha maelezo yake katika jarida la kitaalamu. Habari hiyo ya mtoto wa tatu ilinituliza kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa swali lililokuwa likinitafuna ni kwa nini sikuona lolote kwa mtoto wangu wa kwanza, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba jibu ni kuwa huyu wa pili simpendi kama yule. Wanawake wanaopatwa na hali hii hawaielezi kwa neno moja. Wengine husema huzuni, wengine jakamoyo, wengine hasira au kichefuchefu cha rohoni, na wengi hutaja ule upweke wa kuwa mbali na nyumbani hata kama wamekaa sebuleni kwao.

Wala haihitaji mtoto mwenyewe awepo. Hili nilijifunza Soko la Majengo, siku ya Jumamosi, nikiwa nachagua nyanya, wakati mtoto wa mtu mwingine alipolia nyuma ya meza za dagaa. Mama anayenyonyesha akisikia kilio cha mtoto, maziwa yanaweza kushuka hata kama kilio si cha wa kwake. Nilikuwa nimeshika nyanya mbili. Simanzi ikanishukia pale, kati ya mafungu ya mchicha na kelele za wapagazi wa mizigo, kwa nguvu kiasi kwamba muuzaji akaniuliza, "Dada, bei haijakupendeza?" Sekunde chache baadaye blauzi yangu ililowa upande wa kulia. Nikanunua nyanya kwa bei aliyoitaja, bila kupunguziwa, nikajifunika kanga. Nilikuwa nimeshaelezwa na yule muuguzi, na kwa mara ya kwanza niliipitia hali ile huku nikijua ni nini. Ilikuwa nzito vilevile, ila haikunitisha.

Kazini ilikuwa vingine. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini mwajiri anapaswa kumruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mimi nilirudi mwishoni mwa Agosti. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi wakati huo iko mbali na nyumbani, kwenda na kurudi kungemaliza saa zote mbili barabarani, hivyo nilikuwa nakamua maziwa, na mahali pekee palipokuwa na komeo ni stoo ya mafaili. Simanzi haibagui mdomo wa mtoto na mkono wa kukamua. Maziwa yakishuka, inatangulia. Nyumbani walau ikiisha unabaki na mtoto kifuani, na uso wake unakulipa. Kule stoo ilipokuwa ikiisha nilibaki na chupa, balbu inayopepesa na mafaili ya mwaka 1998. Nikirudi mezani, wenzangu waliniona nimenuna, na sikuwa na la kuwaambia. Naheshimu sana saa zile mbili za kisheria, na ninajua wapo wanawake wengi, mama lishe na wauza mboga na vibarua wa mashambani, ambao hakuna wa kuwapa hata dakika. Nasema tu kwamba chumba chenye kiti, dirisha na mtu wa kuzungumza naye kingepunguza nusu ya uzito, na hakihitaji fundi wala bajeti.

Hapa lazima nitenganishe mambo, kwa sababu kuyachanganya kuna hatari. Huzuni ninayoizungumzia inakuja na maziwa na inaondoka nayo, na kati ya mnyonyo na mnyonyo mama ni yuleyule wa siku zote. Sonona baada ya kujifungua haina adabu hiyo. Inakaa kutwa, inakula usingizi hata mtoto akiwa amelala, inaondoa hamu ya chakula na ya watu, na ikivuka wiki mbili haipaswi kusubiriwa ipite. Mwanamke aliye katika hali hiyo, hasa akianza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, anahitaji kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, na mtu wa kumsindikiza. Upo mtihani wa maswali 10 uliotungwa Edinburgh mwaka 1987 ambao wahudumu wengi duniani huutumia kuitambua sonona hiyo, na ni chombo kizuri. Lakini unauliza mama alivyojisikia katika siku 7 zilizopita, na mama wa aina yangu, ambaye siku zake ni nzuri isipokuwa dakika fulani fulani, anaweza kuupita bila alama ya kutia shaka. Mtu mmoja anaweza pia kuwa na hali zote mbili, na ndiyo maana ninaamini lile swali la "kabla au baada" linafaa kuulizwa kila kliniki.

Kuna pia kero ya aina nyingine. Jirani yangu wa Ipagala, aliyepata mimba wakati mkubwa wake bado ananyonya, alinieleza kwamba ngozi ilikuwa ikimsisimka muda wote mtoto akiwa titini, akatamani kumsukuma, kisha akalia kwa kutamani hivyo. Kwake haikuwa simanzi ya dakika chache kabla ya maziwa. Kero yake ilidumu mtoto anaponyonya na kukoma alipoacha. Hilo linajulikana nalo, na huwapata hasa wajawazito na wanaonyonyesha watoto wakubwa. Tiba yake aliipata kwa kufupisha mnyonyo na kumpa mtoto uji kabla.

Kwangu mimi hakuna kilichoiondoa hali ile, ila vipo vilivyoipunguza. Kikombe kikubwa cha maji kabla ya kukaa, kwa sababu nikiwa na kiu ilikuwa kali zaidi. Kutokaa peke yangu gizani. Kuacha chai ya rangi ya usiku, ambayo wapo wanaosema inachochea na wapo wasioona tofauti. Dawa sikutumia, na yule muuguzi alinionya nisije nikanunua za kubahatisha, akisema dawa zinazochezea dopamini zinaweza kukausha maziwa kabisa, na kwamba anayezidiwa amwone daktari. Kuhusu kuacha kunyonyesha, alisema ni uamuzi wangu, na hakulisema kwa sauti ya kunitega. Ushauri unaotolewa ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha kuendelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 64 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miezi 6 nchini walikuwa wakinyonyeshwa maziwa pekee. Mimi nilikuwa ndani ya hao 64. Sijui mama wangapi katika hesabu hiyo walikuwa wakitazama saa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mwishoni mwa Novemba, niligundua kwamba nilikuwa nimemnyonyesha mtoto asubuhi nzima bila kuikumbuka. Ilirudirudi kidogo hadi Januari, kisha sikuiona tena. Wapo ambao hali hii huwaacha ndani ya miezi mitatu, na wapo wanaokaa nayo hadi siku ya kumwachisha mtoto.

Krismasi tulikwenda Mvumi. Jioni ya pili, tukiwa nje na mama mkwe tukipembua mboga za mlenda, mtoto akataka kunyonya, na kwa kuwa hofu ilikuwa imekwisha nikamsimulia yote, kuanzia siku ya nne hadi bango la kliniki. Nilitegemea kimya, au swali lile nililoliogopa. Aliendelea kuchambua majani. Kisha akasema kwamba kwa mtoto wake wa nne, shemeji yangu anayeishi Kibaigwa, naye alikuwa hivyohivyo, na kwamba alikuwa akingoja kumnyonyesha jioni mbuzi wanaporudi, akae akielekea zizini, ili awe na kitu cha kuhesabu.

"Mbona hukuniambia, mama, ulipokuwa kwangu ukiniona?"

"Nilikuona unatazama saa," alisema. "Nikajua umeshapata wa kwako."

Nikamuuliza alikuwa akifika mbuzi wa ngapi. Alifikiri kidogo, akatupa jani bovu pembeni, akasema ilitegemea siku, lakini ishirini hawakuwahi kufika.